Jinsi ya kujitengenezea tela la kubebea kwadi

Mtu anayetaka kujiundia tela la kubebea pikipiki ya magurudumu manne, ambayo kuanzia hapa nitaiita kwadi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza atumie chuma cha unene gani. Swali hilo lina jibu jepesi na nitalifikia. Linaloamua kama tela litafuata gari kwa utulivu au litatikisa mkia barabarani ni swali jingine: ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ikae wapi, na kwadi isimame wapi juu yake.

Tela langu la kwanza nililiwekea ekseli katikati kabisa ya sakafu, kwa sababu macho yaliniambia ndipo panapopendeza. Likiwa tupu lilikuwa na adabu zake. Siku niliyopakia kwadi, kwenye mteremko wa kwanza likaanza kuyumba kushoto na kulia, na kila liliposhika upande lilivuta na matako ya gari. Nilifika nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, nikakata vishikio vya springi na kuanza upya. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi, si kwenye mashine ya kuchomelea.

Hatua ya 1: Pima kwadi, kisha soma kitabu cha gari

Chukua tepu upime upana wa kwadi pale inapotanuka zaidi, urefu wake kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwadi za kazi, zile zenye vichanja vya mizigo mbele na nyuma, nyingi huwa na uzito wa kilo 250 hadi 400, urefu wa mita 2 na ushee, na upana wa mita 1.1 hadi 1.25. Uzito utaukuta kwenye kitabu chake, ila angalia kama ni uzito mkavu. Uzito mkavu hauna mafuta wala maji ndani yake, na wala haujui kama umefunga winchi, ile mashine ya kuvutia kwa kamba.

Upande wa gari unahitaji namba mbili: uzito wa juu unaoruhusiwa kuvutwa na tela lisilo na breki, na uzito wa juu unaoruhusiwa kukaa juu ya mpira wa chuma wa kuvutia. Ile ya pili wengi hawaitazami kabisa. Katika nchi za Ulaya, tela ambalo uzito wake wa jumla hauzidi kilo 750 halilazimiki kuwa na breki zake lenyewe, na kwadi moja juu ya tela jepesi huingia humo bila shida. Kwingine sheria ni tofauti. Ulizia masharti ya usajili, ukaguzi, taa na upana kabla hujakata chuma hata kimoja, maana kuna mahali tela la kujiundia hukaguliwa likiwa bado halijapakwa rangi.

Hatua ya 2: Hesabu ya mizani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nitachukua mfano: kwadi ya kilo 330 yenye urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.2. Sakafu ya tela nitaifanya mita 2.4 kwa 1.4, ili kwadi ibaki na sentimita 15 mbele na nyuma, na sentimita 10 kila upande. Mkono wa kuvutia utakuwa na mita 1.2 kutoka kwenye mpira hadi ukingo wa mbele wa sakafu. Tela lenyewe nalikadiria kilo 200, ambapo kilo 60 ni ekseli, springi na magurudumu, na 140 ni chasi, sakafu na mlango wa kupandia.

Tunachotafuta ni uzito utakaokaa puani, yaani kwenye mpira. Lenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa jumla ikiwa gari lako linaruhusu. Magari mengi madogo yatakulazimisha ubaki karibu na 10, au chini kidogo. Ukishuka sana, tela litayumba. Ukizidi sana, matako ya gari yatakaa chini na magurudumu ya mbele yatapoteza mshiko.

Sasa weka ekseli mita 2.6 kutoka kwenye mpira, yaani mita 1.4 kutoka ukingo wa mbele wa sakafu. Utaona iko nyuma ya katikati kwa sentimita 20. Kwadi ikisimama katikati ya sakafu, kitovu cha uzito wake, yaani pale ambapo ingesimama bila kuelemea mbele wala nyuma, kitakuwa takriban mita 2.4 kutoka kwenye mpira. Mchango wake puani ni uzito wake mara umbali kati ya kitovu hicho na ekseli, gawanya kwa umbali wa ekseli hadi mpira: 330 × 0.2 ÷ 2.6, unapata kilo 25. Chasi na vilivyomo, kitovu chake kikiwa kwenye mita 2.25 hivi, huchangia 140 × 0.35 ÷ 2.6, yaani kilo 19. Ekseli na magurudumu havichangii kitu, kwa kuwa viko juu ya mhimili wenyewe. Jumla ni kilo 44 kati ya 530, kama asilimia 8.

Sogeza kwadi mbele sentimita 10 tu. Mchango wake unapanda hadi kilo 38, jumla puani inakuwa 57, karibu asilimia 11. Sentimita kumi, upana wa kiganja! Rudia hesabu hii kwa vipimo vyako, na kama kwadi yako hubeba sanduku zito nyuma, kumbuka kwamba sanduku hilo linavuta kitovu kurudi nyuma.

Hatua ya 3: Ekseli, springi na magurudumu

Kwenye chuma unaweza kubana matumizi. Kwenye ekseli, usibane. Nunua ekseli ya tela iliyoandikwa uwezo wake, pamoja na habu zake, yaani sehemu zinazozunguka ambazo magurudumu hufungwa juu yake. Kwa mzigo wa mfano wetu, yenye uwezo wa kilo 750 inatosha. Usidhani ya kilo 1500 itakuwa salama maradufu: springi ngumu chini ya mzigo mwepesi hazikunji, na tela litarukaruka kwenye kila shimo likiitikisa kwadi pamoja na mikanda yake. Ekseli ya nyuma ya gari dogo lililokatwa inaweza kufaa ikiwa imenyooka na gari hilo ni la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa ya nyuma huwa hayana difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli. Hakikisha tu unaweza kupata beringi zake leo na miaka mitano ijayo.

Springi za bapa, zile zilizopangwa kama kurasa za kitabu, ndizo rahisi kwa fundi wa nyumbani. Jicho la mbele hufungwa kwa bolti lisisogee, la nyuma hukaa kwenye kiungo kinachobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Usiichomelee springi yenyewe kwa namna yoyote, hata kwa nukta moja. Joto huua ugumu wake, na ufa utaanzia hapohapo.

Magurudumu ya inchi 13 ni chaguo zuri. Yale madogo ya inchi 8 huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na beringi zake hupata joto upesi. Soma namba ya uwezo kwenye tairi: 79, ambayo huonekana kwenye matairi mengi ya 155/80 R13, maana yake ni kilo 437 kwa tairi moja. Mfumo wa bolti ukilingana na wa gari lako, una tairi moja la akiba kwa vyote viwili.

Beringi za habu huingia mbili kila upande. Zijaze grisi kwa kuisukuma na kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kaza nati huku ukizungusha habu mpaka ianze kuwa nzito, ilegeze robo mzunguko, kisha irudishe kwa vidole tu na uweke pini. Wanaokaza kwa spana hadi mwisho ndio wanaoachwa na gurudumu njiani.

Hatua ya 4: Chasi

Jibu la lile swali la chuma ndilo hili: bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Uzito wake ni kilo 4.3 hivi kwa mita. Kwa kwadi moja halihitaji kuwa nene zaidi. Unene ukizidi unavuta kilo zisizo na kazi. Chuma cha pembe kinafaa kwa kingo na vishikio vya taa, lakini usikitegemee kuwa uti wa mgongo wa tela kwa sababu kinajipinda kama utepe.

Kata pande mbili ndefu za mita 2.4, na za kukingama tano: ya mbele, ya nyuma na tatu za kati, mbili kati yake zikipita pale magurudumu ya kwadi yatakaposimama. Panga zote juu ya sakafu iliyonyooka, weka guni, kile kipimo cha kona ya mraba, kwenye kila kona, kisha shikiza kwa nukta fupi tu. Usichomelee moja kwa moja. Pima kona kwa kona, kwa mshazari; kwa vipimo vyetu pande zote mbili zinapaswa kusoma mita 2.78, na tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, pigapiga kona iliyotoka kwa nyundo mpaka zikubaliane.

Ndipo uchomelee, kona moja kisha ile inayoikabili, ili joto lisivute fremu upande mmoja. Kwa bomba la milimita 3, fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 na ampea 70 hadi 90 zinatosha. Kwangua kutu na rangi kwa grainda kabla ya kuunga. Kama bomba lina zinki, ondoa zinki sehemu ya kuunga na ufanye kazi penye upepo: moshi wake huleta homa ya usiku ambayo aliyewahi kuipata hasahau. Jambo jingine dogo linalogharimu: ukiwa umeshafunga ekseli, usiweke kibano cha waya wa hasi upande wa pili wa beringi. Umeme utapita ndani yake na kuitoboatoboa. Na tela lisiwe limeungwa na gari wakati unachomelea.

Hatua ya 5: Mkono wa kuvutia

Tengeneza mikono miwili yenye umbo la herufi A, si mmoja wa katikati. Ianzie kwenye kikombe cha kuungia, kile kinachofunika mpira, ipite chini ya ukingo wa mbele wa sakafu na iendelee ndani mpaka ikutane na vishikio vya springi, au angalau ipite chuma cha pili cha kukingama. Mahali mkono unapokutana na ukingo wa mbele ndipo panapobeba nguvu kubwa ya kupinda kuliko pengine popote kwenye tela. Hapo chomelea kwa kufuata urefu wa bomba, ubavuni, na usipitishe mshono wa kukatiza juu au chini yake. Mshono wa kukatiza unadhoofisha chuma palepale kinapotaka kuvunjika.

Usifupishe mkono ili kuokoa nafasi. Tela fupi hujikunja upesi unaporudi nyuma, na pembe ya sakafu inaweza kugonga gari kwenye kona kali.

Kikombe kilingane na mpira: milimita 50 ndio wa kawaida sehemu nyingi, lakini Marekani utakutana pia na wa inchi 1 na 7/8, ambao ni milimita 47.6. Kikombe cha 50 juu ya mpira huo mdogo kitaonekana kimeshika, na kitaruka kwenye tuta. Kifunge kwa bolti zenye nguvu ya daraja 8.8 na nati za kujifunga. Pembeni chomelea macho ya minyororo miwili ya usalama, na unapoiunga ikingame chini ya mkono, ili kikombe kikichomoka kiangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Hatua ya 6: Kufunga ekseli sawasawa

Usiamini kingo za sakafu. Pigilia msumari au weka alama katikati ya kikombe, kisha vuta tepu hadi ncha ya kila upande wa ekseli. Vipimo viwili vilingane, tofauti isizidi milimita 3. Ekseli ikienda mshazari, tela litatembea kama kaa na matairi yataisha upande mmoja ndani ya muda mfupi. Shikiza vishikio vya springi kwa nukta, pima tena, halafu ndipo umalize.

Hatua ya 7: Sakafu na mlango wa kupandia

Plaiwudi ya milimita 18 isiyopitisha maji, iliyopakwa rangi kwenye kingo zote, itakuwa na kilo kama 40 kwa sakafu yetu. Bati nene la milimita 3 lenye vinundu litazidi kilo 80. Wavu wa chuma nao ni mwepesi, tope hudondoka lenyewe, ila kokoto za barabarani zitapanda juu.

Mlango wa nyuma ndio unaogeuka kuwa njia ya kupandia. Sakafu ikiwa sentimita 50 kutoka chini, mlango wa mita 1.5 utakupa mwinuko wa karibu nyuzi 20. Wa mita 1.8 utakupa 16. Ule mrefu ni bora kwa dereva na kwa tumbo la kwadi, ambalo linaweza kukwama pale mwinuko unapokutana na sakafu. Utengeneze kwa wavu ili upepo upite, maana mlango uliozibwa ukisimama wima ni tanga.

Weka miguu miwili ya kushusha kwenye kona za nyuma. Magurudumu ya kwadi yanapokanyaga mlango, uzito wote uko nyuma ya ekseli na pua ya tela inataka kuruka juu. Miguu huzuia hilo. Na usipakie kamwe tela ambalo halijaungwa na gari.

Ukiamua kutumia mbao au vyuma viwili vinavyotolewa badala ya mlango, vifunge kwenye tela kwa mnyororo kila mara. Magurudumu yanapovuta kupanda, huvisukuma vyuma nyuma, vinaporomoka, na kwadi humwangukia mpanda. Kama una winchi, afadhali uivute na wewe ukiwa umesimama pembeni.

Hatua ya 8: Umeme

Plagi ya pini 7 ya Ulaya ina mpangilio wake: njano ni indiketa ya kushoto, buluu ni taa ya ukungu ya nyuma, nyeupe ni hasi, kijani ni indiketa ya kulia, kahawia ni taa ndogo za kulia, nyekundu ni breki na nyeusi ni taa ndogo za kushoto. Plagi ya waya 4 ya Kimarekani ni tofauti: humo kahawia hubeba taa ndogo zote, na njano na kijani kila moja hubeba indiketa pamoja na breki ya upande wake.

Peleka waya mweupe mpaka kwenye kila taa. Usitegemee chasi na mpira wa kuvutia kurudisha umeme, kwa kuwa grisi na kutu vitakukatia. Ukiwasha indiketa moja na taa zote zikaanza kukonyeza, usibadilishe balbu; tafuta hasi iliyolegea. Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki, mbali na matairi.

Hatua ya 9: Rangi

Futa mafuta, paka redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili. Toboa matundu madogo chini ya mabomba ili maji yasikae ndani, au yazibe kabisa ncha zote. Nusu ya hapo ndiyo mbaya.

Hatua ya 10: Kufunga kwadi

Chomelea macho manne ya kufungia kwenye chasi, si kwenye plaiwudi. Kipimo kinachotumika Ulaya kwa kufunga mizigo ni kwamba ufungaji uzuie mzigo kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa kwadi ya kilo 330 hiyo ni kilo 264 mbele, kwa hiyo soma uwezo ulioandikwa kwenye lebo ya mkanda kabla ya kuununua. Tumia mikanda minne ya kukaza yenye meno, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma, ikiwa imeshika chasi au mikono ya magurudumu, na si vichanja vya mizigo. Kaza mpaka springi za kwadi zibonyee kidogo, si mpaka mwisho. Weka gia, funga breki ya kuegeshea.

Hatua ya 11: Mizani ya bafuni

Kizuizi cha magurudumu ya mbele ya kwadi kiwe kitu cha mwisho kabisa kuchomelewa. Pakia kwadi tela likiwa kwenye gari, ifunge, kisha egesha mahali tambarare na uzuie magurudumu ya tela kwa mawe. Weka mizani ya bafuni chini ya kikombe ikiwa na gogo juu yake, ili kikombe kikae kwenye kimo kilekile cha mpira, shusha polepole kwa jeki, na usome. Kama namba haiko unapoitaka, rudisha tela kwenye gari, legeza mikanda, sogeza kwadi sentimita 5, pima tena.

Baada ya hapo fanya safari fupi ya majaribio, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima na usishindane nalo. Simama, kisha rudi kwenye mizani. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu, gusa habu kwa kiganja uone kama moja ina joto kuliko nyingine, na chungulia mishono ya mkono wa kuvutia kwa tochi.

Kizuizi chenyewe ni kipande cha chuma cha pembe kwa upana wote wa sakafu. Kichomelee pale tairi za mbele zilipokuwa zimesimama mizani iliposoma sawa, na upake rangi nyeupe mbele yake ili hata mtu mwingine akiazima tela ajue mwisho wa kupanda uko wapi.